Nyuma ya Stakabadhi

Stakabadhi za tumbaku, Urambo:
mbele kilo na madaraja,
nyuma naandika mahubiri ya neema.
Yakiisha, chini panabaki vidole viwili,
hapo ndipo anapoingia Kalunde,
mwizi wa asali kwenye mizinga ya watu,
kutubu hataki.

Nilijaribu kumwongoa. Sura ya nne
nikampigisha magoti,
hadithi ikafa papo hapo.
Nikamwinua, nikamrudishia moshi wake na kibuyu.

Mihayo, mtunza hazina, aliokota ukurasa,
akasoma mpaka nyuki walipolala.
"Mchungaji, huyu mama aliokoka?"
"Sijui."

Jumapili, kwenye maombi ya wagonjwa,
akamtaja: "Na Kalunde, Bwana, huko aliko mtini."
Usharika mzima ukaitikia.
Nami mdomo ukanitangulia:
amina.