Saa Nne Kasorobo

Jua la Welisi si la kuazimwa siku nzima.
Linaingia jikoni saa nne kasorobo,
linakaa kwenye kingo ya dirisha
kama mgeni asiyevua koti,
na saa tano limeshaaga.
Kwa hiyo twakimbia.

Eluned ameshachuma tangu umande:
lavenda, daisi tatu,
maua ya njegere yanayotambaa uzioni
(yale yasiyozaa chakula, yanayoringa tu)
na ua moja refu la kengele, zambarau,
nyuki akiwa bado ndani yake,
akilalamika mpaka mlangoni.

Mimi kazi yangu ni kushika trei ya keki
niliyoivisha foili.
"Juu kidogo, Emrys. Shusha. Usipumue."
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa reli;
sasa naamrishwa na mwanga.

Chupa zimetoka jalalani, nyuma ya machimbo ya kale,
mvua ilipoporomosha ukingo:
ya siki,
ya wino, shingo fupi kama mtu aliyenuna,
ya soda, gololi ingali kooni,
ya dawa ya kikohozi ambayo bado inanuka,
au ni pua yangu tu inayokumbuka.
Tulizitikisa kwa punje za mchele
mpaka zikatapika udongo wa miaka mia.

Wahenga walisema chema chajiuza.
Wahenga hawakuwahi kupiga picha kioo.
Kioo hakionekani. Kinachoonekana ni kilicho nyuma yake:
sufuria, kalenda ya bucha, tumbo langu.
Ndiyo maana tunatundika shuka jeupe,
na Eluned anajifunika kitambaa cheusi, yeye na kamera,
asije akatokea ndani ya chupa
kichwa chini, miguu juu.

Mteja mmoja aliuliza, hivi vitone kwenye kioo ni kasoro?
Eluned akamjibu: ni pumzi ya aliyekipuliza.
Hakununua.

Iko moja hatukutaka iende.
Buluu iliyokolea hadi kuuma jicho,
mbavu zake zimekwaruzwa makusudi
ili mkono gizani ujue: hii sumu, rudisha.
Mgongoni lina herufi za duka la babu yake,
mkemia wa Mtaa wa Daraja.
Lakini mfereji wa paa unavuja
na fundi halipwi kwa salamu.
Akaitia bei ya matusi, pauni mia tatu,
apate kusema anaiuza
bila kuiuza.

Siku ya kuipiga picha, wingu likawahi.
Kitambaa cheusi kilikuwa kwenye kamba ya nguo, kimelowa.
Akalichomeka lile ua la kengele,
ambalo nalo ni sumu,
akasema, "Basi, liwalo na liwe,"
akabonyeza.

Jumanne usiku simu ikalia mara moja,
kama kijiko kwenye kikombe.
Imenunuliwa. Osaka. Bibi Kuramoto.
Hatukusherehekea. Chai ilipoa, hakuna aliyeinywa.

Tuliifunga kwa gazeti, kwa karatasi ya mapovu,
kisha kwa soksi yangu ya sufu
iliyofiwa na mwenzake.
Posta, Eluned alichelewa kuachia kifurushi;
yule kijana wa kaunta ilibidi akivute.

Wiki tatu. Halafu ujumbe:
*Chupa imefika salama. Soksi ni nzuri pia.
Ila pichani, ndani ya kioo,
mlikuwa na dirisha dogo
na mtu mwenye sweta ya kijani.
Nimeigeuza chupa pande zote.
Hayumo.*

Eluned alisoma, akanipa nisome,
akaichukua simu akasoma tena.
Hakujibu siku ile.

Mfereji umetengenezwa. Mvua sasa inapita kimya,
na mimi, sijui kwa nini, hukosa usingizi.

Leo jua limebisha kwa wakati wake.
Alipopita kwenye kamba ya nguo
akakishika kile kitambaa cheusi,
kikavu, chenye harufu ya upepo,
akakiacha palepale.
"Juu kidogo," akasema.
Nikainua trei.