Pakua

Daftari lililowa masika yaliyopita,
maji ya Kigogo yalipoingia sebuleni bila hodi
yakalikuta droo ya chini, pamoja na risiti za luku.
Tulilianika dirishani siku nne.
Jalada bado linasomeka: *Siwatu Athumani, Mapishi*,
ila ndani wino umehama nyumba kwa nyumba,
biriani imepanga kwa maandazi,
na kuna mahali, ukisoma vizuri, pameandikwa:
kanda unga, tia mbuzi.

Kibwana, mtoto wa dada, akasema:
Mamdogo, weka kwenye simu. Programu zipo tele,
chagua tu.
Chagua tu! Basi nikachagua kama nyanya za Ilala:
unabonyeza, unanusa, unarudisha.

Ya kwanza ilitaka kadi ya benki kabla ya salamu.
Nikairudisha.
Ya pili nilitaka kuipenda. Ina picha, ina rangi ya ukwaju.
Lakini bando lilikata ndiyo kwanza nimemimina tui zito,
kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama mgeni anayeona haya kuuliza choo.
Wali nikaumalizia kichwani.

Ya tatu inahoji.
Kiasi? Andika tarakimu.
Mama aliandika: iliki ya shilingi hamsini.
Hamsini ya mwaka gani?
Mwaka ule ilijaza kiganja;
leo ikidondoka sokoni Tandika
hakuna atakayeiinamia.
Chumvi aliandika: mpaka ulimi useme basi.
Nikaandika hivyo hivyo. Kisanduku kikawa chekundu.
Muda? Mpaka jirani aulize mnapika nini.
Chekundu.

Kisha ikataka aina:
kifungua kinywa, mlo mkuu, kitindamlo.
Nikabaki na uji wa mzazi mkononi,
ule wenye pilipili manga, unaonywewa umejifunika,
nisijue niutue wapi.
Na wali wa msiba, sufuria namba arobaini,
usiotiwa nazi ili usichache
wanaume wakichelewa kurudi makaburini,
nao ni mlo mkuu?
Nikabonyeza ndiyo.
Nikakaa kidogo.

Kibwana akanituliza: usiogope kupoteza,
vyote vitakaa kwenye wingu.
Nikachungulia dirishani, juu ya mabati ya Kigogo.
Mwanangu, wingu ndilo lililotufikisha hapa.

Ya nne haina sura. Kijivu,
kama sufuria ambayo haijawahi kuona jivu wala mchanga.
Ina nafasi moja tupu, ndefu, haikuulizi kitu.
Unaandika utakavyo. Unabandika na picha ya ukurasa
pamoja na doa lake la samli,
na bando likiisha, yenyewe haina habari.

Nikampigia Mama, yuko Chanika kwa kaka.
Hakuuliza bei.
Wala ukubwa, wala kama ni ya Wachina.
Alisema: Ukishatia, inakubali kupakua?
Inakubali, Mama. Yote, saa yoyote.
Akanyamaza, nikasikia anapuliza mkaa.
Basi hicho ni chungu, akasema.
Hizo nyingine ni makabati ya watu.

Sasa nipo ukurasa wa kumi na mmoja, saa tano usiku,
feni inazunguka na joto lilelile.
Ninaandika alivyoandika: hamsini, ulimi, jirani.
Kibwana ameona maandazi, anacheka, anataka kufuta.
Nimemshika mkono.
Acha mbuzi akae humo humo.
Siku moja mtu atasoma,
atashangaa,
atanyanyua simu kumuuliza mwenzake.
Mapishi ya nyumba hii hayajawahi kufika
kwa njia nyingine.