Shina ni Langu

Wiki ya pili ya Desemba, na kishamba nyuma ya jikoni
kimechoka kama mtu aliyepokea wageni tangu Ijumaa.
Sukuma zimerefuka shingo hadi begani pangu,
majani matatu kileleni, makovu chini kote.
Ukiyahesabu makovu utajua tumekula siku ngapi.
Mrenda umegeuka nyuzi.
Saga imetoa maua, imekuwa chungu,
haitaki tena kuchumwachumwa ovyo.

Nimetoka na karai na kisu kile cha mpini wa waya.
Nachuma kama anayekwangua sufuria:
kunde kavu zinazopasuka kabla sijazishika,
zikinirushia mbegu matopeni kwa dharau;
nyanya sita za kijani ambazo haziivi, nazijua,
hizo nitazikatia chumvi;
pilipili moja nyekundu
iliyojificha msimu mzima na sasa inaona haya.
Mvua ya mawe ya Oktoba haikubagua.
Hata jani la boga ni chujio la chai.

Kisha nikalifuata shina la boga.
Nilidhani lilikufa.
Kumbe lilipita chini ya migomba,
likalizunguka lile jiwe kubwa kama nyumba
ambalo babu alishindwa kulipasua, na baba pia,
likaupanda ua wa mchongoma bila kubisha hodi,
likaingia kwa Jahenda.

Mimi na Jahenda hatusemezani
tangu mpimaji ardhi aje na utepe wake
akakisogeza kigingi hatua moja na nusu.
Hatua moja na nusu! Haitoshi kulaza mbuzi.
Ila imetutosha sisi kulala miaka minne
kila mmoja na mgongo wake.
Miaka thelathini nilipeleka barua za watu,
hadi Hamisi, hadi Shamakhokho,
milima yote hiyo juu ya baiskeli ya serikali,
na sijapata mstari mmoja wa kuuvusha ua huu.

Nikainama, nikachungulia kati ya miiba.
Boga lilikuwepo. Kubwa, limekaa kitako
kama mweka hazina wa chama.
Na chini yake, majani makavu ya mgomba
yamepangwa, si upepo huo,
yamepangwa tabaka kwa tabaka lisioze.
Na kando, gunia lililokunjwa,
limetobokatoboka mahali pale pale
mvua ya mawe ilipopiga.

Nikabaki nimeinama hivyo,
goti moja kwenye kunde.

"Lilikuja likiwa kama ngumi," sauti ikasema upande wa pili.
Hakuna salamu, hakuna nini.
"Shina ni langu," nikajibu. Mdomo una mazoea yake.
"Shina ni lako.
Kitanda nilitandika mimi."

Sasa hapo utasema nini?
Nikatafuta pengo kwenye mchongoma,
nikampitishia kisu, mpini mbele,
miiba ikajiandikia yake mkononi mwangu.
Nikamsikia akikata. Boga lililoiva
hukatika kwa kusuasua, halafu ghafla.
Nusu yangu ikapitishwa juu ya ua kwa sinia:
ndani rangi ya kiini cha yai la kienyeji,
mvuke kidogo wa asubuhi,
na katikati pamekombwa, pasafi, hamna hata mbegu moja.

Mbegu kabaki nazo.
Hakuuliza, nami sikudai.

Kigingi kiko pale pale, kimeota uyoga pembeni.
Jioni tulipika boga kwa maziwa,
mke wangu akauliza mbona mkono umechanika,
nikamwambia ni shamba.
Kisu bado hakijarudi.
Na mvua za Machi zikishuka
tutaona mwenyewe
shina linaota upande gani.