Kifungo cha Tano

Mama Shemsa kaliingiza gauni kibandani kwangu
ndani ya mfuko wa kaki wenye mhuri wa kituo,
kamba imekatwa.
"Lifumue," akasema, "umshonee mdogo wake kwa Idi.
Kitambaa kizima hiki, nitakitupa vipi?"
Akakaa kwenye kigoda cha wateja.
Akaomba maji, hakuyanywa.

Nililishona mimi. Satini ya zambarau, mita mbili na robo,
na vifungo saba mgongoni, nilivivika kimoja kimoja.
Uzi wake niliusaka siku mbili, Ngamiani nzima,
kila duka lina bluu, lina mweusi, lina bluu.
Tena mimi sipigi fundo.
Bibi yangu alinifunza kurudisha sindano mara tatu
na kuuzika uzi ndani usionekane.
Fundo, alisema, ni fundi aliyechoka.

Kifungo cha tano kutoka kiunoni
kimeshikwa kwa uzi mweusi.
Kina fundo.

Alikutwa saa kumi na mbili asubuhi, Raskazone,
ngazi za nyuma za nyumba yenye sherehe,
kaegemea ukuta kama anayesubiri kuitwa,
viatu vimepangwa pembeni, kulia kulia, kushoto kushoto.
Shemsa! Huyo aliyekuwa akivirusha viatu mlangoni pangu
hata kimoja nikakichomoa chini ya cherehani.
Damu yake wanasema ilipelekwa Dar.
Wanasema haikutosha.
Karatasi imeandikwa: moyo ulisimama.
Na wa nani usiosimama?
Huko ndiko kufa kwenyewe. Mimi nimeuliza sababu.

Basi nimebaki na nguo.
Cha tano kinakaa katikati ya mabega,
mkono wa mwenyewe haufiki, nimejaribu,
nimejipinda mbele ya kioo mpaka bega likalia.
Nani huenda sherehe ya kuzaliwa na sindano mfukoni?
Kiling'oka kwa nini, kikarudishwa kwa nini,
saa ngapi, taa ikiwa imewashwa au simu imeshikwa mdomoni?
Uzi umelegea upande mmoja.
Anayeshonewa akiwa wima, kitambaa hukaza.
Kitambaa hiki hakikukaza.

Nilitaka kuuona mwisho wa uzi ule,
nikaulainisha kwa ulimi, mazoea ya miaka thelathini,
kabla sijajizuia.
Chumvi.
Jasho, machozi, au bahari, sijui ulimi hupima vipi.
Ninachojua, mate yangu sasa yamo humo,
na siku watakapouliza kweli
wa kwanza kuonekana nitakuwa mimi.

Nilikwenda kituoni nalo hata hivyo.
Sajini Mhina aliligeuza mara moja, akaandika:
gauni moja, kuukuu.
Nikamwambia andika jipya, limevaliwa usiku mmoja.
"Faili limefungwa, mama."
Limefungwa na nani, nikamuuliza, na kwa uzi gani?
Akacheka kidogo. Kisha akaacha.
Kifungo cha nguo, kifungo cha gereza,
waliotupa lugha hii hawakuona haja ya maneno mawili.

Salha ana miaka kumi na mmoja.
Alisimama kupimwa, mikono wazi, macho kwenye kalenda.
Nilinunua satini nyingine kwa pesa yangu,
zambarau ileile, au karibu yake.
La kwanza liko sandukuni, chini ya vipande vya kanga,
sijalitia mkasi.

Jana mama mtu alikuja kulichukua la mtoto.
Hakutazama pindo wala kola.
Aliligeuza, akapitisha kidole mgongoni polepole,
kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne,
kidole kikasimama.
Akaniinulia macho.
Yale maji ya siku ile, glasi ilikuwa bado dirishani.
"Umelificha wapi?" akanong'ona.