Kadi ya Njano

Kila Jumapili ya mwisho ya Aprili
mama aliutoa upanga kabatini,
akausugua kwa kitambaa na majivu
hadi akajiona humo, uso umerefuka,
kisha akamfunga baba kiunoni.
Hicho ndicho kilichokuwa cheti cha kura, Appenzell:
chuma, na mwanamume wa kukining'iniza.

Kura za taifa alipiga tangu sabini na moja.
Za kwetu, za shule na barabara, hapana;
alisimama nyuma ya kamba
akishika kofia za watu.

Mwaka wa tisini wakaulizwa tena.
Mikono ya kukataa ikasimama
kama misonobari mlimani.
Baba akarudi, akanywa supu.
Mama hakumuuliza aliinua lini.
Usiku ule alitarizi ua moja,
akalifumua,
akalitarizi.

Halafu majaji, mbali huko Lausanne,
wakasema walilosema.
Posta ikaleta bahasha:
kadi ya njano, nyepesi kama ganda la kitunguu.
Mama akaitia kifuani, akaitoa,
akaitia mkobani, akaitoa.

"Idda," baba aliita, "na upanga wangu?"
"Upo kabatini.
Kitambaa nacho unakijua kilipo."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Manyunyu tu.
Swali la kwanza lilihusu mfereji wa maji machafu.
Mama akainua mkono,
akausahau juu,
mvua ikimtiririkia ndani ya mkono wa koti,
hadi jirani akamgusa kiwiko:
"Shusha, Idda. Wamekwisha kuuona."