Kuchambua Buni

Fomu iliuliza: Tatizo la mwanafunzi ni nini?
Ikaacha mistari miwili.
Mwalimu wa nidhamu akaandika "ugomvi",
akagonga muhuri. Mstari wa pili ukabaki mweupe.

Ni kweli, nilimpiga Glori kwa mkebe wa hesabu,
bikari ikaruka, rula ikavunjika.
Kabla ya hapo darasa zima lilikuwa linaigiza
mwendo wa baba yangu pale stesheni ya zamani,
anavyohesabu mabehewa yasiyokuwepo,
anavyoyapungia mkono.
Hilo halikuingia kwenye fomu.

Basi Alhamisi, saa tisa, nikapelekwa Pasua,
chumba cha nyuma cha zahanati, zamani stoo ya magunia.
Nilitegemea kitanda, sindano, mtu wa miwani
wa kuniambia nivute pumzi.
Nikamkuta Bi Kandida, kandambili miguuni,
anamwaga buni mezani kama anayewamwagia kuku mtama.
"Chambueni," akasema. "Mbovu huku, nzima huku.
Mwenye la kusema aseme. Asiye nalo, achambue."

Tulikuwa wanne.
Hashimu wa Njoro, anayecheka hata akitajiwa msiba.
Manka, anayevuta mikono ya sweta hadi vidoleni
hata jua likichoma.
Elirehema, ambaye tangu Pasaka
hajamwambia mtu hata "shikamoo".
Na mimi, ngumi ndani ya mfuko wa sketi,
nimeapa: meno mtayaona, ulimi hamtauona.

Alhamisi ya kwanza: tak, tak, buni kwenye sinia.
Ya pili: tak, tak.
Ya tatu Hashimu alicheka, akacheka,
kisha kicheko kikakatika kama kamba ya ndoo kisimani,
tukasikia kitu kikidondoka chini kabisa.
Hakuna aliyemwambia "jikaze, wewe mwanaume".
Bi Kandida alimsogezea kikombe cha maji,
akaendelea kuchambua.

Baadaye Manka akasema mlima haujaonekana wiki nzima.
Hashimu, kamasi bado puani: "Kwani umehama?"
Tukacheka.
Elirehema akatazama dirishani,
pale mlima ulipopaswa kuwa,
akatazama mpaka tukaaga.

"Mbovu inajulikanaje?"
Hiyo ni Alhamisi ya nne. Sauti yenye kutu,
iliyobalehe gizani bila mwenyewe kuijaribu.
Tukageuka wote.
Alikuwa ananiuliza mimi.

Ngumi ikafunguka yenyewe.
Nikasema: kwanza inuse. Iliyochacha inanuka siki.
Kisha ipitishe kidoleni, ya mdudu ina tundu
dogo kama ncha ya pini.
Nyeusi, usijiulize mara mbili.
"Nani kakufundisha?"
"Baba," nikasema. "Miaka kumi na tisa kiwandani.
Walikuwa wanamwita Pua."
Mara ya kwanza nilimtaja
bila kuangalia nyuma nani anacheka.

Sisemi nimepona. Jumatatu nilimchukia tena Glori,
yeye na kalamu zake za rangi.
Manka hajakunja sweta bado.
Elirehema alirudi kimyani wiki mbili nzima,
na Bi Kandida siku moja alisinzia, buni mkononi,
tukamwacha alale.

Lakini jioni ile sikupita njia ya sokoni kumkwepa.
Nilikwenda stesheni.
Alikuwa kwenye reli zilizoota majani,
amefika behewa la kumi na moja.
Nikasimama kando yake, nikangoja treni ipite yote.
Ndipo akaushika mkono wangu, akaunusa,
akakunja uso.
"Hii haikuanikwa vizuri. Ilinyeshewa."
"Ndiyo, baba."
"Mzigo wa nani?"
"Tuko wanne," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kama karani anayepokea shehena,
tukashika njia ya nyumbani
kimya, kila mtu na hesabu yake.