Maziwa Nyuma ya Gari

Mimi wa Makete, niliyeondoka nikijisifu
kwamba baridi nimelala nayo kitanda kimoja tangu utoto,
nilishuka kwenye treni pale Darkhan, mwezi wa pili,
nikavuta pumzi moja tu,
vinyweleo vya pua vikasimama kama misumari.
Kumbe ile ya nyumbani ilikuwa salamu.

Nilikuja na Biblia mbili,
soksi alizofuma dada Eneleti,
na hotuba. Hotuba nilikuwa nazo tele,
nimezikariri kwa lugha isiyouhurumia ulimi wa Mkinga:
konsonanti zimesongamana kama kondoo mlangoni,
irabu imebanwa katikati, haipumui.
Nilitaka kumwambia mwenye duka kwamba Mungu anampenda.
Nikamwambia, sijui vipi, kwamba Mungu ana deni lake.
Mama yule akafungua daftari la mikopo,
akapitisha kidole ukurasa mzima:
"Hayumo humu."
Ganbold, mwenzangu, alicheka hadi akakaa kwenye theluji.

Milango niliacha kuihesabu ilipopita mia tatu.
Wengi walifungua, maana huko
mtu hamwachi mtu barazani na baridi, hata mwenye maneno mengi.
Walitupa chai ya maziwa yenye chumvi,
wakatusikiliza kama usikilizavyo redio ya jirani,
wakaturudishia kofia zetu.

Halafu bibi Dulmaa,
hema la sufi la mwisho kabla ya reli.
Alinikatiza kwenye sentensi ya kwanza:
"Maneno yako yatangoja. Moto haungoji."
Akanipa ndoo ya makaa.

Basi ikawa hivyo, Jumanne na Ijumaa:
makaa, kisha mkokoteni wa maji hadi kibandani,
kurudi nao ukiteleza, dumu likivuja, glovu zikiwa barafu.
Malipo yangu yalikuwa kusahihishwa.
Neno lao la asante ni refu, na mwishoni lina usingizi:
*bayarlalaa*.
Nilijikwaa hapo mwezi mzima.
"Tena," alisema Dulmaa, bila kuinua macho kwenye unga.
"Tena."

Simu ikalia kutoka Makete, usiku wa huku, jioni ya kule.
Baba amelala.
Walisema hivyo, amelala, kama tunavyosema,
na nauli haikuwepo, na hata ingekuwepo
kaburi lisingenisubiri.
Ilikuwa Ijumaa. Nikaenda kubeba makaa.

Dulmaa alinitazama, akaniondolea ndoo mkononi.
Akaniketisha upande wa wageni, akanisogezea unga na nyama,
tukafinya maandazi ya mvuke, yake kama maua,
yangu kama masikio ya mbwa.
"Jina lake nani?"
Tweve, nikasema. Ezekia Tweve.
Alijaribu, likamkwama menoni.
"Tena," nikasema, na sauti yangu ikapasuka.
Akajaribu tena. Akajaribu tena.
Bibi wa miaka themanini, kitabu changu hakukigusa hata siku moja,
aling'ang'ana na jina la baba yangu
hadi likatoka zima,
likakaa nasi humo ndani karibu na jiko.

Kwenye ripoti ya mwezi ule,
nafasi ya walioamini, niliandika sufuri.
Nafasi ya makaa haikuwepo.
Mungu, unisamehe kama nilipaswa kuona haya.
Sikuona.

Miaka miwili ikaisha kama sabuni.
Siku ya kuondoka, Dulmaa alitoka na bakuli na kijiko cha mti.
Hakusema kitu. Gari lilipoanza kusogea
alirusha maziwa angani, nyuma yetu, mara moja, mara ya pili,
ndivyo wanavyomfungulia njia msafiri,
na matone matatu yakaangukia kioo cha nyuma
yakaganda hapo hapo.
Nikageuka kitini, nikalitamka neno lile
lote, bila kulala njiani.
Hakunisikia. Injini ilikuwa inakohoa.

Ganbold alitaka kusimama apanguse kioo.
Nikamwambia, acha.
Hadi Ulaanbaatar, acha.